Kuaga Kwangu Kwenye Kisiwa cha Kwoka

Mama Stéphanie mpendwa, mshauri wetu wa Jumapili redioni,

Naomba msaada wako, na kabla ya kuomba naweka mezani kile nilichokificha, maana nikichelewa nitapata njia ya kukizunguka kama nilivyokizunguka muda wote huu: watu wa Nchelenge wananiheshimu kwa sababu wanaamini kwamba binti yangu aliniomba nibaki Australia, nami nikakataa, nikarudi kwao kwa mapenzi, na jambo hilo si kweli, hakuniomba, na uongo huo niliutunga mimi mwenyewe ndani ya ndege, kabla hata magurudumu hayajagusa ardhi ya Zambia.

Jina langu ni Méschac. Nilifundisha Kifaransa na historia kule Pweto, Kongo, ng'ambo ya ziwa Mweru, mpaka vita vilipotufikia, nikavuka pamoja na mke wangu Chilufya, ambaye alikuwa mzaliwa wa hapa, na hapa nimezeekea na hapa nimemzika. Nina miaka themanini na moja, miguu imevimba, nalala nimeketi nikiegemea mito kwa sababu nikilala chali kifua kinajaa maji, na daktari, kijana mwenye adabu, aliniambia moyo wangu umechoka na kwamba nisipange mambo ya mbali, nami nikamshukuru, maana ni nadra siku hizi mtu kukwambia neno kamili. Mimi pia nimechoka. Hata kalamu hii naiweka chini kila baada ya mstari, halafu naiokota.

Ninayeishi naye ni mjukuu wangu Mapalo, mtoto wa marehemu mwanangu, niliyemlea tangu hajaota meno ya mbele. Ndiye ananiosha, ndiye ananipikia uji usio na chumvi, ndiye ananigeuza. Mapalo amepata nafasi katika chuo cha uuguzi Kasama, jambo alilolitamani tangu akiwa darasani, na anatakiwa aripoti kabla mwezi huu haujaisha, na hataki kwenda. Nimemwambia aende, nimemwambia mara nyingi, nimemwambia, "Nenda, mjukuu wangu, mimi nitajikaza, Mungu hamwachi mtu," naye anakaa pale mlangoni akichambua chisense, anatoa mchanga kwenye vidagaa kimoja kimoja, wala hanitazami. Juzi akanijibu kwa Kibemba, nami nakuandikia kwa lugha yetu: "Bashikulu, babu yangu, weye uliacha Australia juu yangu. Mimi nitashindwa kuacha Kasama juu yako?"

Mama, neno hilo ndilo sababu ya barua hii.

Sasa nikueleze siku yenyewe. Binti yangu Emilienne alibaki Pweto na mumewe Willy, wakavuka mwaka 2017 wakati wa mapigano, wakapokelewa katika kambi ya wakimbizi ya Kenani, na hapo Kenani, chini ya turubai, akazaliwa mtoto wao Towela, aliyepewa jina la muuguzi aliyemzalisha mama yake. Baadaye wakapelekwa Australia, katika mji wa Perth, Willy akapata kazi ya kuchomelea vyuma na Emilienne akapata kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, wazee wa wazungu ambao watoto wao wako kazini au wako mbali. Mwaka 2023 akaniita niwatembelee, nikakaa nao miezi, na sikufichi, nilipenda, ingawa nimewaambia watu hapa kwamba kule ni jangwa la salamu. Ni kweli hakuna anayekusalimu. Lakini nilipenda maji ya moto yanayotoka ukutani, nilipenda kusikia ufunguo wa Emilienne mlangoni alfajiri akirudi, nilipenda jinsi Towela alivyonifundisha majina ya vitu vya jikoni kwa Kiingereza na kunikaripia nikikosea, mimi niliyekaripia watoto wa watu maisha yangu yote.

Jumamosi moja wakasema twende kisiwani kuona wanyama. Kisiwa kinaitwa Rottnest, unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa boti kubwa lenye viti laini, na Towela alinishika mkono akidhani naogopa maji, mimi niliyevuka Mweru katika mtumbwi unaovuja nikitupa maji nje kwa sahani. Kisiwani magari ya watu binafsi hayaruhusiwi, watu wanatembea kwa baiskeli, baiskeli nyingi kuliko za wachuuzi wetu wa samaki kule Kabuta, ila za kule hazibebi samaki, zinabeba watu waliopumzika. Na wanyama wenyewe wanaitwa kwoka. Ni wadogo, kimo cha paka mnene, uso wa mviringo, mkia wa panya, mfuko tumboni kama wa kangaruu, wanarukaruka katikati ya watu na hawaogopi mtu, wanaingia mpaka chini ya meza unayokulia. Ukimgusa au ukimlisha ni kosa, kuna faini. Towela alinisomea kibao, kisha akasimama kati yangu na mnyama kama askari wa mpakani.

Willy, mtu mzima mwenye ndevu, alilala kifudifudi kwenye majani ili apigwe picha akiwa uso kwa uso na kwoka, kwa sababu wote wanafanya hivyo, akaniita, "Papa, lala na weye, tukupige foto."

Nikamwambia, "Mimi nikilala hapo, mutaita polisi ya kuniinua."

Tulicheka wote isipokuwa Emilienne. Yeye alikuwa ametoka kazini asubuhi ile ile, hakupitia kitandani, tukaketi nje ya duka la mikate naye akaegemeza shavu juu ya mkono, akasinzia, kikombe mbele yake. Nilimtazama akisinzia. Nikaona ana mvi. Hakuna aliyeniambia kwamba mtoto wangu ana mvi.

Na hapo, Mama Stéphanie, ndipo nilipokosea, kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya. Vijana wanaosikiliza kipindi chako huenda hawajui, lakini wewe unajua: kwetu mgeni haombi kukaa. Mgeni anaaga. Anasimama, anakung'uta nguo, anasema, "Basi, mimi nakwenda," na mwenyeji anamshika mkono, anasema, "Unakimbia wapi? Ikala kwanza," na mgeni anakaa, na anakaa kwa heshima kwa sababu amezuiwa. Mke wangu alikuwa fundi wa kuaga, angeweza kuaga tangu asubuhi na akalala kwa watu siku mbili. Hati yangu ya kukaa kule ilikuwa inakaribia kwisha na Emilienne alikuwa amewahi kutaja kwamba kuna njia ya kuirefusha, na mimi nilisubiri aitaje tena, hakuitaja. Basi alipofumbua macho nikamwambia, "Mwanangu, naona kukaa kwangu kumetosha. Nitarudi Nchelenge."

Nikangoja kushikwa mkono.

Emilienne akajipangusa macho, akasema, "Sawa, Papa. Nitaangalia tiketi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeambiwa basi limefika. Kwoka akapita chini ya kiti changu na Towela akapiga kelele ya furaha, Willy akaja na simu kutuonyesha picha, na mimi nikatazama picha zote, moja baada ya nyingine, nikazisifu.

Kwenye boti la kurudi Willy alipanda juu na mtoto kutazama mawimbi, tukabaki chini mimi na Emilienne, na Emilienne akalia, bila sauti, mpaka tulipoiona bandari. Machozi hayo ndiyo mzigo niliokuja nao Nchelenge. Nilipofika watu walijaa uani, mwanakwaya na mvuvi, wote, wanataka kusikia, nikawapa wanyama kwanza, wakafurahi sana, kisha mtu mmoja akauliza, "Na binti yako alikubali urudi?" nami nikasema, "Alilia kwenye boti ili nibaki. Nikamwambia, mwanangu, kule nina mjukuu, nina kaburi la mama yako." Mapalo alikuwa amesimama karibu na jiko, nikaona anajifuta macho kwa pindo la kitenge.

Mtu mmoja tu hakuamini, naye ni Rodwell, mtani wangu. Ukoo wake ni wa samaki na wangu ni wa mamba, basi tunataniana tangu enzi za babu zetu, anaweza kuniita mchawi mbele ya padri na nisikasirike. Rodwell akasema, "Uongo. Mutoto yake alimufukuza. Aliona muzee anamaliza mukate yote ya nyumba." Watu wakavunjika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote, nikamwambia wao samaki hawana akili, wanakaa majini na hawajui kuoga. Maneno ya mtani hayahesabiki, kila mtu anajua, kwa hiyo ukweli ulipita katikati ya uani wangu na hakuna aliyeusalimu.

Tangu hapo uongo umejenga nyumba. Kanisani katekista amenitaja kama mfano, mzee aliyeacha raha za ng'ambo. Jirani yangu Misozi huwaambia watoto wake wasinipite bila kupiga goti. Na kila Jumapili Emilienne anapopiga simu, Mapalo anamwambia, "Shangazi, asante tena, najua ulijaribu kumbakisha," na Emilienne kule anasema tu, "Eeh, mama," basi. Hajawahi kunifichua. Mimi nipo kando, nasikia, naangalia ukuta.

Sasa ombi langu. Sina nguvu ya kuutazama uso wa Mapalo nikimwambia. Naomba uitunze barua hii, usiisome sasa, uisome hewani nikishazikwa, ili ajue kwamba hana deni kwangu. Najua utaniambia kwamba nafasi yake Kasama itakuwa imepita. Najua. Na nikuambie hata lile baya zaidi, maana nimeapa kuandika ukweli: nikimwambia sasa ataondoka, na mimi nataka nife mikononi mwake. Nisaidie, Mama. Je, ni dhambi kubwa mtu kuiacha aibu yake itoke baada yake?

Mwalimu Méschac,
Nchelenge


JIBU

Mwalimu Méschac, mzee wangu,

Barua yako imenifikia na sikuisoma hewani. Wala sitaisoma ukishazikwa. Mimi nina kipindi cha redio, sina stoo ya aibu za marehemu. Jibu hili nimempa Ackson, fundi mitambo wetu, akuletee mkononi, kwa sababu kitu ulichoniuliza hakiwezi kungoja Jumapili.

Kwanza pole. Pole kwa miguu, pole kwa kifua, pole kwa kulala umeketi. Marehemu mama yangu alilala hivyo miezi yake ya mwisho na najua usiku unavyokuwa mrefu kwa mtu anayeuhesabu kwa pumzi. Na pole kwa kiti kile cha nje ya duka la mikate. Nimekiona. Baba anayengoja kushikwa mkono asishikwe, hiyo si aibu ndogo, na sikucheki.

Pole imekwisha, sasa nisikilize.

Unauliza kama ni dhambi aibu yako itoke baada yako. Hilo muulize padri. Mimi nakuuliza jingine: ukishazikwa, Mapalo atapokea nini? Atasikia kwenye redio, mbele ya wachuuzi wote wa samaki kutoka hapa hadi Pweto, kwamba alipoteza chuo chake kwa ajili ya jambo ambalo halikutokea. Na wewe hutakuwepo ili akugombeze. Unataka kumwachia hasira na kumnyima mtu wa kumkasirikia. Huo si urithi, Mwalimu. Umefundisha historia, unajua kabisa nani hulipa pale wakubwa wanapokufa bila kusema.

Unasema umemwambia aende, mara nyingi. Hapana. Soma tena ulichoandika. "Nenda, mjukuu wangu, mimi nitajikaza, Mungu hamwachi mtu." Mzee wangu, hiyo ni kuaga. Unamuaga Mapalo jinsi ulivyomuaga Emilienne, umesimama mlangoni ukikung'uta nguo, unangoja aseme, "Unakimbia wapi? Ikala kwanza." Tofauti ni moja: Emilienne alikuwa na usingizi, hakusikia wimbo. Mapalo amelelewa na wewe, anausikia wote, na kila ukisema nenda yeye anakushika mkono. Adabu hiyo ni ya wageni. Wewe si mgeni kwa mtoto wako wala kwa mjukuu wako. Ukitaka kitu, kiombe kwa jina lake. Usipokitaka, kiache.

Kuhusu Rodwell. Mtu mmoja katika Nchelenge nzima alikuona, na wewe ulimrudishia kicheko. Nakufahamisha kwamba watani hawakuwekwa kwa ajili ya kuchekesha tu. Wanakuja kwenye msiba, wanachimba, wanasema lile ambalo ndugu hawawezi kulisema, ili lisiende kaburini na mtu. Huna haja ya kungoja msiba. Mwite sasa.

Basi utafanya hivi. Kesho mchana, siyo usiku, mwite Rodwell aje akae. Mwambie Mapalo aache chisense, anawe mikono, aketi. Mwambie kwamba hukukataa Australia. Usianze na wanyama, unawapenda mno wale wanyama, utajificha nyuma yao. Ukishindwa kuendelea, Rodwell ataendelea, hiyo ndiyo kazi yake. Kisha mpigie Emilienne na simu iwe wazi, Mapalo asikie, na umwambie binti yako mbele ya mjukuu wako, "Nilikusingizia, wewe ukaninyamazia. Asante." Halafu nyamaza. Usieleze. Walimu mnaeleza sana.

Kuhusu nani atakuosha. Jirani yako Misozi, ambaye watoto wake wanakupigia goti, mwombe goti lingine: aje asubuhi. Mpwa wako yupo, sijui jina lake, lakini mzee wa ukoo wenu hakosi mpwa. Aje alale chumba cha pili. Akina mama wa kanisa wapo. Omba, Mwalimu. Sema, "Nisaidieni, siwezi peke yangu." Najua ulimi wako haujawahi kutamka hivyo. Utaufundisha. Na Mapalo aende Kasama kabla mwezi haujaisha, hilo sikushauri, nakuagiza. Ukifa yeye akiwa darasani, atakuwa amefiwa na babu yake, kama watoto wote. Ukifa yeye akiwa amekaa hapo mlangoni kwa ajili ya uongo, atakuwa amefiwa na maisha yake pia.

Neno la mwisho, na hili ndilo lililonifanya niandike mwenyewe badala ya kumwachia msaidizi. Nimesoma barua yako mara kadhaa na kuna shimo ndani yake. Mtu anayesema, "Sawa, Papa, nitaangalia tiketi," bila hata kuamka sawasawa, halii baadaye kwa sababu ya tiketi hiyo. Ulimaliza kuaga kwenye duka la mikate. Kwenye boti akalia mpaka bandarini. Kati ya hapo na hapo kitu kilisemwa, na wewe, mtu wa kuandika kila kitu mpaka mkia wa kwoka, hukukiandika. Sikuulizi mimi. Lakini usipomwambia Mapalo hicho, utakuwa umemwambia nusu, na nusu ya ukweli ni nyumba ile ile uliyojenga, umebadilisha mlango tu.

Jikaze, mzee wangu. Naomba habari.

Stéphanie


BARUA YA PILI

Mama Stéphanie mpendwa,

Nimefanya. Sikufanya kesho yake kama ulivyoagiza, nilichelewa siku mbili, kifua kilinikamata. Rodwell alikuja na kofia yake ya misibani, nikamwambia sijafa, akasema amekuja kupima kama kaburi litatosha tumbo langu. Kisha akaketi na hakutania tena.

Nilimwambia Mapalo. Alisikiliza mpaka mwisho. Swali lake la kwanza halikuwa juu yangu, aliuliza, "Shangazi alikuwa anajua unasema hivyo?" Nikasema alijua. Akasema, "Basi kila Jumapili nilikuwa namuchoma mwiba, na weye unaangalia." Akainuka, akaenda kuosha sufuria zilizokuwa safi, tukazisikia zikigongana jioni nzima, na uji wangu aliuweka mbali kidogo na mkono wangu, si mbali sana, ila nilipaswa kuinama. Rodwell alisema, "Mimi nilishasema, mulikuwa munacheka." Hakuna aliyecheka.

Tulimpigia Emilienne. Niliyasema yale maneno uliyoniandikia, kisha nikanyamaza, na ilikuwa kazi. Emilienne akauliza miguu yangu ikoje.

Mapalo ameondoka kwa basi la asubuhi. Kabla ya kuondoka alinikata kucha, alinikata vizuri. Nilitaka kumwambia mambo mengi nikamwambia moja: "Nenda." Alinitazama usoni kuhakikisha kwamba ni hilo tu, kisha akachukua begi. Mpwa wangu Nkonde analala chumba cha pili na anakoroma kama injini ya boti. Misozi anakuja asubuhi. Nilimwomba kwa maneno, akashangaa, akasema alikuwa anangoja niombe tangu mwaka jana, alidhani sitaki kuguswa na mtu wa nje.

Kwa hiyo unaweza kuzisoma barua zote, na jina langu ulitaje, na usingoje nizikwe. Kuna wazee wengine kwenye ufuko huu wanaoaga.

Na lile shimo uliloliona, Mapalo ameshalisikia, Emilienne alikuwepo toka mwanzo, nawe ulilidai, basi nalijaza. Kwenye boti, Willy alipopanda juu na mtoto, niliacha adabu ya kuaga. Nilimshika Emilienne mkono mimi mwenyewe, nikamwambia sitaki kurudi, nikamwambia nitalala hata sebuleni, nikamwomba, na aliponyamaza nikamwomba tena. Akasema, "Papa, usiku yote naosha bazee ya batu. Siko na nguvu ya muzee mungine." Ndipo akaanza kulia. Niliomba kubaki, na binti yangu alikataa.

Méschac